Makapi ya Mkonge ni Mali Tunayoitupa

Msafiri ashikaye njia kutoka Segera kwenda Muheza, au apandaye kuelekea Korogwe na Mombo, hawezi kukosa kuyaona mashamba ya mkonge. Safu zake zimenyooka kama zilizopimwa kwa kamba, na majani yake yamesimama wima mithili ya mikuki. Lakini akiacha barabara kuu na kuingia mpaka kwenye korona, mahali ambapo majani hayo hupondwa na kukwanguliwa, kitakachomlaki kwanza si singa nyeupe zilizoanikwa juani. Kitakachomlaki ni harufu ya makapi yaliyorundikana na ya maji machachu yatiririkayo katika mitaro kuelekea bondeni.

Harufu hiyo ina hesabu yake. Katika kila kilo 100 za majani ziingiazo katika korona, zinazotoka kuwa singa za kuuzwa ni kilo 4 hivi. Kilo 96 zilizobaki ni maji, nyama ya jani na vipande vya nyuzi fupi. Mkulima amelipalilia jani lile lote, mkataji amelikata lote, na lori limelibeba lote. Kisha sehemu kubwa kabisa ya jasho hilo yaachwa ioze. Kwa zaidi ya miaka 100 mkoa wetu umeishi kwa zao hili kana kwamba hesabu hiyo ni amri ya maumbile isiyoweza kubadilishwa. Ni wakati wa kuuliza kama ndivyo ilivyo.

Twauliza leo kwa sababu dunia ya viwanda imeanza kugeuza uso. Baada ya kuishi miongo mingi kwa plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, sasa wataalamu wa mataifa mengi wanatafuta vitu vitakavyotumika kisha virudi udongoni bila kuacha sumu. Wanavitafuta katika mimea, katika kuvu na katika protini. Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa sana. Wazee wetu walisuka mikeka kwa ukindu, wakaezeka kwa makuti, na wakafukia makumbi ya nazi katika matope ya ufuoni ili wapate usumba wa kusokota kamba. Elimu ya kutumia mmea bila kuuacha taka tulikuwa nayo. Tuliiweka kando tukidhani kuwa ni dalili ya umaskini.

Yafaa kukumbuka jinsi mkonge ulivyotufikia, na jinsi ulivyoanguka. Asili yake ni Yucatán, nchini Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache likaja zao lililojenga reli, bandari na miji, na ambalo manamba waliletwa kutoka mbali kulitumikia kwa ujira mdogo na taabu kubwa. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na hapakuwa na nchi nyingine iliyotoa singa nyingi kuliko yetu.

Kisha likaja anguko. Wengi hupenda kulieleza kwa siasa tu, wakitaja kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hapana shaka uendeshaji mbovu ulichangia. Lakini bei ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka kabla ya Azimio, na chanzo kimoja kikubwa kilikuwa maabara ya Ulaya. Mwaka 1954 Giulio Natta, mwanakemia wa Italia, alifanikiwa kutengeneza plastiki iitwayo polipropilini. Miaka michache baadaye plastiki hiyo ilikuwa ikivutwa kuwa nyuzi na kusokotwa kuwa kamba. Wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao walikuwa wakifunga marobota ya nyasi kwa kamba za mkonge, wakaona kamba ya plastiki ni rahisi na haiozi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 20,000. Korona zikanyamaza, nyumba za wafanyakazi zikaota nyasi, na vijana wakaenda mjini.

Sasa na tutazame jambo lililotokea mbele ya macho yetu. Tarehe 1 Juni 2019 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2017 na Rwanda mwaka 2008. Ulikuwa uamuzi wa busara, nasi twaunga mkono. Lakini ni mfuko gani ulioshika nafasi ya ule uliokatazwa? Ni ule mwepesi ufananao na kitambaa, ambao wananchi wameuita mfuko mbadala. Mama anayeununua sokoni aamini kuwa amenunua nguo. Kwa kweli mwingi wa mifuko hiyo ni polipropilini ile ile iliyouangusha mkonge, ila safari hii nyuzi zake zimegandamanishwa pamoja badala ya kusokotwa. Tumemfukuza mwizi mlangoni akarudi kupitia dirishani, tena amevaa kanzu. Hayo yametokea katika nchi yenye singa zake yenyewe.

Hata hivyo, hatuandiki haya ili kulilia kamba. Soko la singa limeanza kupata nafuu, na katika miaka ya karibuni mkonge umeingizwa miongoni mwa mazao ya mkakati. Viwanda vya magari vya Ujerumani vilianza tangu miaka ya 1990 kuchanganya singa za mkonge na za kitani katika bitana za milango. Tunachotaka kukizungumzia hapa ni zile kilo 96.

Hapa ndipo kuvu inapoingia katika habari yetu. Uyoga tunaouona juu ya ardhi ni tunda tu; mwili wenyewe wa kuvu ni utando wa nyuzi nyembamba sana zitambaazo ndani ya udongo au mti uliooza. Nyuzi hizo hula mabaki ya mimea na kuyashikamanisha. Ukuta wa kila uzi umeimarishwa kwa kitu kiitwacho kitini, kile kile kilichomo katika gamba la kaa na la mdudu. Mwaka 2007 vijana wawili wa Marekani, Eben Bayer na Gavin McIntyre, waliokuwa wamesomea uhandisi, walianzisha kampuni ya Ecovative katika jimbo la New York kwa wazo moja jepesi: kwamba kuvu inaweza kutumiwa kama gundi.

Njia yao si ya kutisha. Mabaki ya shamba hukatwakatwa na kutiwa joto ili vijidudu vingine vife. Kisha huchanganywa na mbegu ya kuvu na kujazwa katika kalibu. Katika muda wa siku kama 5 hadi 7 utando huenea katikati ya vipande vyote na kuvifunga viwe kitu kimoja chenye umbo la kalibu. Mwisho hutiwa joto tena ili kuvu ife isiendelee kukua. Kinachopatikana ni kitu chepesi kinachozuia joto, kisichoshika moto upesi kama plastiki ya povu, na ambacho kikitupwa shambani kwa majuma kadhaa hugeuka mbolea. Mwaka 2011 kampuni ya kompyuta ya Dell ilianza kukitumia kufungia mizigo yake. Kwa majirani zetu wa Kenya, vibao vya kuzuia joto na kelele majumbani vimekwisha kuanza kutengenezwa kwa kuvu na mabaki ya mashamba.

Je, kuvu yaweza kula makapi ya mkonge? Swali hilo halihitaji kupelekwa New York. Uko uyoga uotao wenyewe juu ya malundo ya makapi katika mashamba ya mkoa huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameuchunguza, wakaustawisha kwa makusudi juu ya makapi hayo, na wakafanya vivyo hivyo kwa uyoga mamama. Kule Hale, Korogwe, ulijengwa mwaka 2007 mtambo wa majaribio wa kugeuza makapi kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Mlingano, wilayani Muheza, kipo kituo cha utafiti kilichoipa dunia aina ya mkonge iitwayo Hibridi 11648. Basi malighafi ipo, kuvu ipo, na akili ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha.

Yatupasa hapa kutahadhari, maana shauku bila hesabu ni hasara. Vitu vya kuvu hunywa maji, havivumilii kuvutwa kwa nguvu, wala haviwezi kubeba paa. Asije mtu akatuahidi maghorofa ya uyoga. Vilevile hata matajiri wameshindwa mahali fulani: kampuni moja ya Marekani, Bolt Threads, iliyokuwa ikitengeneza kitu mfano wa ngozi kwa kuvu, ilisimamisha kazi hiyo mwaka 2023 kwa kukosa mtaji wa kuiendeleza. Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini hata chema hakijiuzi kikiwa ghali.

Historia ya protini yatufundisha somo jingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waligundua kuwa kaseini, protini ya maziwa, ikigandishwa kwa formalini huwa ngumu kama pembe. Kwa miaka mingi vifungo vya nguo, vitana na kalamu vilitengenezwa kwa maziwa. Waingereza nao walitengeneza uzi uitwao Ardil kutokana na protini ya karanga; kiwanda chake kilifunguliwa Dumfries, Scotland, mwaka 1951, na kikafungwa mwaka 1957. Uzi huo ulilegea ulipolowa, na nyuzi za mafuta ya petroli zikaushinda sokoni. Miaka hiyo hiyo, hapa Tanganyika, serikali ya kikoloni ilikuwa imepoteza paundi zipatazo milioni 36 katika mpango wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango uliovunjwa mwaka 1951 baada ya kudharau mvua, udongo na ushauri.

Kutokana na habari hizo twapata mizani miwili. Wa kwanza: tusichukue chakula kilichomo chunguni tukakifanya kifungo. Nchi ambayo mtoto wake hajashiba maharage haina ruhusa ya kugeuza maharage kuwa plastiki, hata plastiki hiyo ikiwa safi namna gani. Wa pili: tusianze na mtambo mkubwa uliochorwa ng'ambo, ila na kile kinachojulikana mahali petu. Makapi ya mkonge yanafaulu katika mizani yote miwili. Hayaliwi na mtu, hayahitaji ekari mpya ya msitu kufyekwa, wala hayahitaji lori jingine, kwani yamekwisha kufika koronani. Tena leo ni mzigo, kwa sababu maji yake yakiingia mitoni huchafua maji ya kunywa ya watu wasio na hisa yoyote katika shamba.

Basi lifanyike nini? Kwanza, chuo na kituo cha utafiti visiishie katika kuandika makala zisomwazo na wataalamu wenzao. Korona moja ichaguliwe, na pembeni yake pajengwe banda la kawaida, lenye pipa la kuchemshia, kalibu za mbao na chumba cha giza. Hapo vijana wa kijijini wafundishwe kutengeneza vibao vya kuwekwa chini ya mabati yanayotuoka kila mchana, na vifungashio vya matunda ya Lushoto yanayopondeka njiani kuelekea sokoni. Pili, wakulima wadogo wanaopeleka majani yao koronani wajue tangu mwanzo kwamba makapi nayo yana bei. Likisahauliwa hilo, utakuja wakati makapi yatakuwa dhahabu, na mkulima ataambiwa kwamba aliuza singa tu. Tatu, wakaguzi wa mifuko watuambie kwa lugha iliyo wazi ni mfuko upi wa mmea na upi wa petroli, na maandishi hayo yachapwe juu ya mfuko wenyewe.

Hatusemi kwamba kuvu itarudisha enzi za mwaka 1964. Enzi zile zilikuwa na neema kwa wenye mashamba na uchungu kwa manamba, wala si zote zinazostahili kurudishwa. Tunasema tu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Tulikwisha kuuacha mara moja, plastiki ilipopita na rangi zake. Safari hii dunia yenyewe yarudi kuulizia mbacha, nasi tunao, umelala nyuma ya korona, unatoa moshi wa kuoza asubuhi ya baridi. Wageni wakija kuununua kwa bei ya taka, watoto wetu watatuuliza tulikuwa tumelala wapi.