Bei ya shafti huamuliwa kabla haijafika kwa mkerezaji

Huku Molo, wilayani Tororo, kama ilivyo kwingi mashariki mwa Uganda, pampu ya mkono juu ya kisima kirefu mara nyingi ni U2, jina ambalo Uganda imeipa India Mark II. Upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, pampu inayojulikana sana ni Afridev. Anayeteka maji haoni tofauti kubwa: anashika mpini, anasukuma, maji yanatoka. Anayekereza chuma anaiona mara moja, na ndani ya tofauti hiyo kuna somo kubwa kwa yeyote anayetaka kuchongewa kipuri bila kulipia kazi isiyomsaidia.

Mpini wa India Mark II huzunguka kwa ekseli iliyokaa ndani ya beringi mbili za gololi, namba 6204. Beringi ya namba hiyo, itoke kiwanda chochote duniani, ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14. Ili ikae sawasawa, sehemu ya ekseli inayoingia humo lazima ikerezwe kwa vipimo vya mikroni, na mikroni 1000 ndizo hufanya milimita 1. Makao ya beringi hizo mbili nayo sharti yawe kwenye mstari mmoja. Yakipishana kidogo tu, mpini unakuwa mgumu na beringi zinakufa mapema. Kiwanda kinachotoa maelfu ya pampu kinaimudu kazi hii, kwa kuwa kinatengeneza vishikio maalumu mara moja na kuigawa gharama yake kwa pampu zote. Ndivyo ilivyokuwa India miaka ya 1970, pampu hiyo ilipobuniwa kwa msaada wa UNICEF.

Afridev ilianzia Malawi mwaka 1981, ikakomazwa Kwale, pwani ya Kenya, katika muongo wa maji uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990. Walioibuni walijiuliza kwanza pampu itatengenezewa wapi Afrika, na nani kijijini ataifungua ikiharibika. Pini ya mpini wake inazunguka ndani ya bushi za plastiki ambazo mwanakijiji anaweza kuzichomoa na kuweka mpya. Fito zinazoshuka kisimani zinaweza kuunganishwa kwa ndoano na tundu, bila hesi ya kukatwa. Yale makao ya beringi ya kupimwa kwa mikroni hayamo kabisa. Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilifutwa kwenye mchoro.

Simshauri mwenye haja ya kipuri kimoja aige bushi za plastiki. Kalibu ya kuzimiminia ni ghali, na hailipi mpaka zitoke bushi nyingi. Ninachotaka kiigwe ni ule ujasiri wa kuutazama kila mstari wa mchoro na kuuliza una kazi gani.

Hapa kwetu mpakani, kuanzia Busia hadi Malaba na Tororo, mchoro mara nyingi haupo. Mwenye mashine ya posho huja na shafti iliyokatika, imefungwa kwenye gunia, na kusema: nitengenezee kama hii. Hapo tayari ameagiza kila kitu kilichomo kwenye chuma kile: ngazi ambazo aliyeitengeneza mwanzo aliziweka kwa sababu zake, hesi ya inchi ya mashine ya kale ya Kiingereza, hata makosa ya fundi aliyewahi kuikarabati. Mkerezaji mwaminifu atayakopi yote, na atadai malipo ya yote.

Tuchukue basi shafti ya mashine ya kusaga mahindi na muhogo, ile yenye nyundo zinazoning'inia ndani. Ina urefu, ina sehemu mbili zinazoingia kwenye beringi, ina mahali pa puli, na katikati inabeba sahani za nyundo. Sehemu zinazohitaji usahihi wa kweli ni zile zinazogusana na kitu kingine. Kwa beringi yenye tundu la milimita 30, kipimo ambacho vitabu vya ufundi hukiandika k6 kinataka shafti izidi milimita 30 kwa mikroni 2 hadi 15. Nafasi ya kukosea ni mikroni 13 tu. Chuma kikipata joto wakati wa kukerezwa, shafti ya milimita 30 iliyopanda nyuzi 40 za Selsiasi inavimba kwa karibu mikroni 14. Joto peke yake linaimaliza nafasi yote. Kwa hiyo mkerezaji analazimika kunyoa, kusubiri chuma kipoe, kupima kwa maikrometa, kisha kunyoa tena kidogo sana. Muda huo ndio unaolipiwa, na kwenye makao ya beringi ni haki ulipiwe.

Lakini ile sehemu ya katikati isiyogusa chochote haina haja ya mateso hayo. Kanuni ya kimataifa ya ISO 2768, katika daraja lake la kati, inaruhusu kipimo cha kati ya milimita 30 na 120 kipotoke kwa milimita 0.3 juu au chini. Hizo ni mikroni 600 kwa jumla, na mkerezaji mzuri anazipata kwa mpito mmoja wa kisu. Mchoro unaosema tu "kila kitu kiwe sawasawa kabisa" unaugeuza muda wa dakika chache kuwa wa nusu siku. Andika usahihi mahali beringi inapokaa, mahali puli inapoingia, basi. Kwingine achia.

Ngazi za shafti nazo zina gharama ambayo wengi hawaioni. Chuma cha milimita 50 kikikerezwa hadi 30, asilimia 64 ya chuma ulichokinunua inaanguka sakafuni. Umeilipia dukani, kisha umemlipa mtu aiondoe. Kwa mashine inayozunguka polepole, kama ya kupukuchua mahindi, mara nyingi hakuna haja ya ngazi hata moja. Nunua chuma cha duara kilichovutwa baridi, kile kinachong'aa, cha milimita 40. Kipitishe moja kwa moja ndani ya beringi za UCP 208 zinazouzwa zikiwa ndani ya makao yake, tundu milimita 40, kisha kaza skrubu zake. Mashine ya kusaga ni habari nyingine. Inaweza kufika mizunguko 3000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo beringi iliyolegea juu ya shafti inaila shafti hadi iharibike. Hapo kereza makao ya beringi kwenye shafti, au tumia beringi yenye bushi ya koni inayobana, ambayo huvumilia shafti isiyo sahihi sana. Nimeona watu wakilipia usahihi kwenye mashine ya kupukuchua na kuukwepa kwenye mashine ya kusaga. Ni kinyume kabisa cha inavyopaswa.

Kuhusu chuma cha kununua, kuna mtego mmoja. Chuma cheusi cha milimita 40, kile kilichopitishwa moto kiwandani, kina magamba juu yake na hakina duara kamili. Ukichora shafti ya milimita 40 iliyokerezwa, chuma hicho hakitoshi: kikisafishwa kitakuwa kimepungua, na fundi atalazimika kununua cha 45. Chora 38, na kile cha 40 kitatosha. Milimita 2 kwenye karatasi zinaokoa kilo kadhaa za chuma kwenye shafti ndefu, na mashine ya kusaga haitajua tofauti.

Penye ngazi, usiache kona kali ya ndani. Shafti iliyokatika ukiitazama vizuri, mara nyingi utaona imekatikia kwenye ngazi au kwenye mfereji, kwa kuwa nguvu zote hukusanyika pale penye kona kali, ufa mdogo unaanza, na kila mzunguko unaurefusha. Kisu cha mkerezaji chenyewe kina ncha ya mviringo kidogo, kwa hiyo kona ya mviringo humgharimu kidogo kuliko kona kali ambayo inamlazimisha anoe kisu kingine. Hapa uimara na urahisi vinakwenda pamoja. Angalizo ni moja: mviringo huo uwe mdogo kuliko ukingo wa beringi, la sivyo beringi haitakaa hadi mwisho. Beringi ya 6206, yenye tundu la milimita 30, ina ukingo wa milimita 1, kwa hiyo mviringo wa milimita 0.6 unafaa.

Jambo ambalo ningependa kila mtengeneza mashine wa eneo hili alijue ni idadi ya mara ambazo kipuri kinafunguliwa na kufungwa tena kwenye mashine. Kila kinapogeuzwa, katikati yake husogea kidogo, na kuirudisha mahali pake ni kazi ya subira. Shafti ikishikwa kati ya ncha mbili, kupitia vishimo vilivyotobolewa katikati ya kila mwisho wake, makao yote mawili yanaweza kukerezwa yakiwa na kitovu kimoja, hata shafti ikigeuzwa. Kwa hiyo andika kwenye mchoro kwamba vishimo hivyo vibaki. Wapo wanaoagiza vikatwe ili mwisho wa shafti upendeze. Miaka mitano baadaye, makao yakilika na kuhitaji kujazwa kwa kuchomelea kisha kukerezwa upya, mkerezaji hana pa kuishika.

Karakana nyingi ndogo huku zina mashine ya kukereza, drili ya kusimama, grainda na mashine ya kuchomelea. Mashine za kuchonga mifereji ni chache zaidi. Kazi za namna hiyo mara nyingi hupelekwa mji mkubwa, Mbale au Jinja au Kisumu. Basi kipuri chenye umbo la duara ni rahisi kwetu, na kile chenye mifereji ni kigumu. Puli hushikwa kwenye shafti kwa kijiti cha chuma ambacho mafundi hukiita kii. Kwa shafti ya milimita 30, kii ya kawaida ina upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 7. Mfereji wa nje kwenye shafti unachongeka, lakini mfereji ulio ndani ya tundu la puli unataka kifaa maalumu, na asiyekuwa nacho atauchonga kwa tindo na tupa. Ukiweza, nunua puli inayokazwa kwa bushi ya koni, ambayo huja tayari. Kama mzigo ni mdogo, skrubu mbili zilizowekwa pembe mraba, zikikalia sehemu bapa mbili zilizosagwa kwa grainda kwenye shafti, zinatosha.

Matundu yapitishwe hadi upande wa pili kila inapowezekana. Tundu lisilotokea linakusanya vipande vya chuma chini, tapu inayokata hesi inakwama, na tapu ikivunjikia ndani ya kipuri kilichokwisha kukerezwa, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Ikiwa ni lazima liwe kipofu, litoboe kwa kina zaidi ya hesi unayoitaka. Na hesi ndefu si lazima iwe na nguvu zaidi: nyuzi chache za mwanzo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hiyo kwa bolti ya M10 ndani ya chuma, hesi ya milimita 15 inatosha.

Kwenye bolti nina neno kwa wanaonunua madukani. Huku kwetu bolti huitwa kwa namba ya spana: bolti ya 13, ya 17, ya 19. Namba hiyo ni ya kichwa, na kipuri chako hakijali kichwa. Bolti ya spana 17 kwa kawaida ni M10, lakini M10 ya magari ya Kijapani mara nyingi ina kichwa cha 14 na hesi ya hatua ya milimita 1.25, wakati ile ya duka la vifaa vya ujenzi ina hatua ya 1.5. Ukiilazimisha moja ndani ya tundu la nyingine, hesi inang'oka. Chagua M8, M10 au M12 za hatua ya kawaida kwa mashine nzima, uziandike kwa kipenyo na hatua yake, na fundi atahitaji tapu chache na biti chache: milimita 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10, 10.2 kwa M12.

Nyundo za mashine ya kusaga ni mfano wa kipuri kilichochorwa kwa akili, ingawa aliyekichora hatumjui. Ni kibao cha chuma chenye tundu kila mwisho, pande zote sawa. Pembe moja ikichakaa, nyundo inageuzwa, kisha inapinduliwa, na pembe zote nne zinatumika kabla haijatupwa. Tundu lake halitaki usahihi wowote, kwa sababu nyundo lazima ining'inie huru kwenye pini. Toboa kubwa kuliko pini kwa nusu milimita au zaidi, kwa drili ya kawaida. Mafundi wengi huzikata kutoka springi za lori, chuma kizuri kwa kuchakaa polepole lakini kigumu kutoboa. Kipashe moto hadi kiwe chekundu, kiache kipoe polepole ndani ya majivu, kisha toboa, na baadaye ncha zinaweza kurudishiwa ugumu kwa moto na mafuta. Anayeruka hatua ya majivu atanunua biti nyingi.

Kabla hujapeleka kazi yako Tororo au Malaba, chukua karatasi moja. Chora kipuri kwa mkono hata kama mistari haijanyooka, weka vipimo kwa milimita, zungushia duara vile vinavyogusa beringi au puli, na uandike pembeni mashine inazunguka kwa kasi gani na unataka vipuri vingapi. Kisha, kabla ya bei, muulize mkerezaji ni kitu gani kwenye mchoro huo angependa kukibadilisha.