Shati la Njano Kituoni

Mjomba wangu, mkazi wa Oli mjini Arua, alikuwa na mashati matatu ya njano: moja la kazi, moja la Ijumaa, na moja la mikutano ya chama. Yalifuliwa na kupigwa pasi kwa zamu, na mke wake alikwisha kuzoea kuulizwa kila asubuhi, "La leo ni lipi?" Njano ni rangi ya chama cha NRM, na mjomba alikuwa mtu wa NRM kwa moyo wote, bila kuficha na bila kuomba radhi.

Katika mapenzi hayo hakuwa peke yake. Mbunge wa Manispaa ya Arua wakati huo, Kanali mstaafu Ibrahim Abiriga, alivaa njano tangu kofia hata viatu, na gari lake pia lilikuwa la njano. Watoto wa Arua walimtambua kutoka mbali kabla hawajaliona jina lake popote. Jioni ya Ijumaa, tarehe 8 Juni 2018, Abiriga alipigwa risasi na kuuawa karibu na nyumba yake huko Matugga, wilaya ya Wakiso, pamoja na ndugu yake aliyekuwa mlinzi wake. Wauaji walikuja kwa pikipiki wakaondoka kwa pikipiki.

Nilikuwa mgeni nyumbani kwa mjomba katika wiki zilizofuata, mji ulipokuwa ukijiandaa kwa uchaguzi mdogo wa kujaza kiti hicho. Jambo ninalotaka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu ni hasira yake. Ilikuwa hasira ya mpiga kura anayewasikiliza wapinzani wake wakihubiri, naye anakumbuka waliyoyatenda. Wengi wetu tumepata kuwa nayo, tuwe wa rangi ipi.

"Mwanangu," aliniambia jioni moja tukinywa kahawa ya tangawizi barazani, "mtu akifa, adui yake hunyamaza. Hawa hawakunyamaza."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Habari za kifo zilipoenea, wako watu waliofurahi waziwazi katika mitandao ya simu, kwa sababu Abiriga alikuwa mmoja wa wabunge waliosimama mbele kabisa kutetea kuondolewa kwa kikomo cha umri wa Rais. Tarehe 20 Desemba 2017 Bunge lilipitisha badiliko hilo la Katiba kwa kura nyingi, na tangu hapo mtu aliyepita miaka 75 hakuzuiwa tena kugombea urais. Sasa, alisema mjomba, watu wa upande ule ule uliomcheka marehemu walikuwa wakija Arua na vipaza sauti, wakitaka kura za mji uliomzika, na kila hotuba ilianza kwa kuwapa wananchi pole.

La pili lililomkera ni fedha. Kabla ya badiliko hilo kupita, kila mbunge aliwekewa shilingi milioni 29 katika akaunti yake ili aende kushauriana na wananchi. Upinzani uliziita rushwa. "Rushwa!" mjomba alirudia neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Vema. Wachache walizirudisha hadharani, nami nawavulia kofia. Je, waliobaki nazo? Rushwa ikikaa mfukoni mwako inabadilika jina?"

Walakini la tatu ndilo lililomfanya asimame na kuanza kutembea barazani. Kwa miaka mingi chama cha FDC, chenye alama ya ufunguo, kilifundisha kwamba wapinzani wakiungana wataing'oa serikali. Arua walikuja na watu wawili. FDC ilimweka Bruce Musema, na Dakta Kizza Besigye akaja kumpigia kampeni. Kassiano Wadri, mbunge wa zamani wa Terego na aliyepata kuwa Mnadhimu Mkuu wa Upinzani Bungeni kwa tiketi ya FDC hiyo hiyo, alisimama kama mgombea binafsi, akiungwa mkono na mwanamuziki Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, mbunge wa Kyadondo Mashariki tangu Juni 2017. Tena haikuwa mara ya kwanza, kwani huko Bugiri, mwezi Julai 2018, FDC ilikuwa na mgombea wake na Kyagulanyi alimwunga mkono Asuman Basalirwa wa chama cha JEEMA, ambaye ndiye aliyeshinda.

"Mnadhimu Mkuu!" alisema mjomba. "Kazi yake ilikuwa kuwachapa wengine wafuate amri ya chama. Leo chama kimemteua mwingine, yeye amechukua njia yake. Halafu jioni wanapanda jukwaani kutufundisha nidhamu na umoja."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kweli. Nilipomkumbusha kwamba chama chake kilikuwa kimemleta Bi Nusura Tiperu, aliyepata kukaa katika Bunge la Afrika Mashariki, na kwamba naye alikuwa na wapinzani wake humo humo ndani ya njano, mjomba aliniambia kahawa yangu inapoa.

Mwishoni mwa wiki nilipanda gari kwenda Koboko kumwamkia mama mkubwa, dada yake mjomba. Ni mwendo wa kilomita kama 55, na barabara ya lami iendayo Koboko hadi Oraba mpakani ni nzuri. Wazee wanaoikumbuka vumbi yake hawachoki kuisifu. Mama mkubwa ni mtu wa ufunguo. Alikuwa na fulana moja tu ya chama, tena imepauka, lakini maneno yake hayajapauka. Nilimweleza yote aliyosema kaka yake, nikitazamia akatae.

Hakukataa hata moja. "Kuhusu wetu amesema kweli," alijibu, akiendelea kuchagua maharage. "Waliomcheka marehemu hawana adabu. Na wagombea wawili ni upumbavu. Sasa mwulize yeye habari za wake."

Ndipo akaanza yeye. Mwaka 1986 wakubwa wa Movement walisema kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wang'ang'aniao madaraka. Mwaka 2005 waliondoa kikomo cha vipindi viwili vya urais, na mwaka 2017 wakaondoa kikomo cha umri. Wanahubiri umeme kila baada ya miaka mitano, ilhali West Nile haijaunganishwa na gridi ya taifa, na Arua hulala gizani mashine zinapokosa mafuta. Wanajisifu kwamba wameleta usalama, hata mbunge wao mwenyewe, mwanajeshi mstaafu, ameuawa mlangoni kwake.

Nilimwambia kwamba mjomba atajibu kuwa Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale tarehe 26 Julai, ilikuwa imekwisha kubali kuondolewa kwa kikomo cha umri. "Mahakama husema kama jambo ni halali," alijibu. "Kama ni aibu, hilo tunasema sisi."

Kisha akaliacha sinia la maharage. Alinikumbusha neno lililotoka kwa mbunge wa pale pale Koboko, Waziri wa Nchi Evelyn Anite, Septemba 2017, wakati wa ubishi wa kikomo cha umri: kwamba wao wanaungwa mkono na majeshi. Neno hilo lilizua kelele nchini kote, na kelele hizo zilikuwa na sababu. Ibara ya 208 ya Katiba yasema Jeshi la UPDF halitakuwa na upande katika siasa za vyama, litakuwa la kitaifa, na litatii mamlaka ya kiraia. "Mimi na mjomba wako tulipata kuliona jeshi la chama," alisema. "Mwulize kama amesahau."

Nilijua habari hizo, maana katika nyumba yetu husimuliwa kwa sauti ya chini. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia West Nile, nao UNLA waliporudi walilipiza kisasi kwa raia, na Arua ikabaki magofu. Watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Uchaguzi wa tarehe 10 na 11 Desemba 1980 uliofanywa nchini, ule uliokirudisha chama cha UPC madarakani, uliwakuta wengi wao wakiwa ng'ambo ya mpaka wakichimba mihogo ya watu. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejikusanya katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa kwa risasi na askari wa serikali. Mjomba na mama mkubwa walikuwa wamevuka mpaka pamoja, yeye msichana wa miaka kumi na mitano akimshika mdogo wake mkono. Ninyi askari na wake zenu msomao hapa mtaelewa kwa nini bibi wa Koboko anaacha maharage yake anaposikia mwanasiasa, wa rangi yoyote, akisema kwamba majeshi ni ya kwao.

Niliporudi Arua nilimfikishia mjomba salamu, pamoja na swali. Alinyamaza muda mrefu. "Yeye ni mkubwa wangu," alisema hatimaye. "Mwambie bado nina alama ya mkono wake." Hakuongeza neno. Kesho yake alivaa shati la mikutano.

Jumatatu, tarehe 13 Agosti, siku ya mwisho ya kampeni, mji ulijaa kupita kiasi. Rais alikuwa amekuja kumwombea kura Bi Tiperu, Besigye alikuwa na Musema, na Kyagulanyi alikuwa na Wadri. Jioni serikali ilisema kwamba msafara wa Rais umepigwa mawe na kioo cha nyuma cha gari kimevunjwa. Usiku huo Yasin Kawuma, dereva wa Kyagulanyi, alipigwa risasi na kufa akiwa ndani ya gari la mkubwa wake. Walikamatwa watu wengi, miongoni mwao Kyagulanyi na wabunge wenzake, Gerald Karuhanga, Paul Mwiru na Francis Zaake, na Wadri mwenyewe. Siku zilizofuata, picha za Zaake na habari za hali ya Kyagulanyi zilizunguka dunia nzima.

Usiku ule katika nyumba ya mjomba hakuna aliyekula. Kijana wake ni askari wa polisi, naye alikuwa zamu mjini. Simu yake haikupatikana hadi karibu na alfajiri. Mjomba alikaa barazani na shati lake la njano, redio magotini, wala sikumsikia akisema lolote juu ya wanafiki wa upande wa pili.

Jumatano, tarehe 15, ilikuwa siku ya kura. Mjomba alivaa kama kawaida yake, nikamfuata. Foleni ilikuwa ya utulivu. Aliyekuwa akilinda kituo, kwa mpango wa kazi au kwa mzaha wa Mungu, alikuwa kijana wake. Sheria ya uchaguzi yakataza mtu kuvaa rangi au alama ya chama karibu na kituo siku ya kura. Kijana alimwona baba yake, akaja hatua chache, akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba ukabadilishe shati. Nimemrudisha sasa hivi kijana mwenye kitambaa chekundu. Watu wameona."

Foleni nzima ilikuwa inatazama. Wako waliocheka. Mimi nilitazama chini, maana ni baba mzima aliyekuwa akirudishwa na mwanawe mbele ya majirani, tena mtu ambaye kwa wiki sita alikuwa amesema nidhamu ni ya upande wake. Mjomba alifungua kinywa, akakifunga. Aligeuka akarudi nyumbani, na baada ya nusu saa akaja tena amevaa kanzu nyeupe. Alisimama mwisho wa foleni, akapiga kura yake, asimwambie mtu neno. Alipokuwa akitoka alipita karibu na kijana wake na kumgusa bega.

Wadri alishinda akiwa kizuizini Gulu. Yeye na wenzake, jumla watu 33, walishtakiwa kwa uhaini, kisha wakapewa dhamana mwishoni mwa Agosti. Mji wa Arua ulikuwa umemchagua mtu asiyeweza hata kufika kushukuru. Sidhani kwamba wapiga kura wote hao walikuwa wameyasahau makosa ya upinzani aliyoyahesabu mjomba. Nadhani yaliyotokea tarehe 13 yalizidi uzito. Huenda nakosea, ila sijamsikia mtu wa Oli aliyenieleza vingine.

Mama mkubwa alipiga simu jioni ya matokeo. Nilitazamia amcheke kaka yake. Alimwuliza kama kijana amerudi salama, na kama wamekula.

Mjomba angali mtu wa NRM. Mashati yamebaki mawili, kwa maana lile la kazi lilichakaa na sasa linafutia baiskeli. Habari ya kituoni huisimulia mwenyewe, akiiga sauti ya mwanawe, wala hajioni mdogo kwa kuisimulia. Mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ulipofika Arua, aliwasha taa zote za nyumba mchana kweupe, akampigia dada yake simu Koboko.

"Dada, umeona? Tulisema tutaleta."

"Nimeona, mdogo wangu," alijibu mama mkubwa. "Mlisema mwaka gani vile?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, akamwuliza mvua ya Koboko inaendeleaje.