KINU CHA KINSHASA NA FUNZO LA ULINZI

Nchi kadhaa zinazopakana na Tanzania zimo katika mbio za kutayarisha wataalamu wa nishati ya nyuklia. Kenya, ambayo Chuo Kikuu chake cha Nairobi kimekuwa kikifundisha sayansi hiyo tangu miaka ya 1970, imepeleka vijana Korea ya Kusini kusoma katika chuo cha uzamili cha shirika la umeme la nchi hiyo. Rwanda, baada ya kutia sahihi mkataba na Urusi mwaka 2019, imekuwa ikipeleka wanafunzi katika vyuo vikuu vya huko. Uganda nayo imekwisha kutaja Buyende kuwa mahali pa kujenga kituo chake cha umeme wa nyuklia.

Hatua hizo zinaeleweka. Viwanda haviendeshwi kwa kuni wala kwa maneno matupu, vinahitaji umeme. Hata hivyo, si kweli kwamba eneo hili linaanza jambo hili leo. Jirani mmoja alitangulia zamani, na yaliyompata yafaa yachunguzwe kwa makini, hasa na wale waliokabidhiwa silaha na dhamana ya ulinzi.

Jirani huyo ni Kongo. Urani iliyochimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, ndiyo iliyotumiwa kwa wingi na Marekani kutengeneza mabomu ya mwaka 1945. Mwaka 1954 Wabelgiji walifungua Chuo Kikuu cha Lovanium karibu na Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Mkuu wake wa kwanza, Padri Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia. Kwa juhudi zake, Marekani iliuza kinu kidogo cha uchunguzi, nacho kikawashwa mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya Kongo kupata uhuru. Hicho kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara zima la Afrika.

Kinu hicho, kilichoitwa TRICO, hakikuwa cha kutoa umeme. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 za joto tu. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kufanya uchunguzi, na kutengeneza isotopu zenye mionzi kwa ajili ya hospitali na kilimo. Kinu cha aina hiyo huchaguliwa na vyuo vikuu kwa sababu maalumu: urani yake imechanganywa na zirkoni na haidrojeni, na fueli ikipata joto kupita kiasi, mwako wa nyuklia hupungua wenyewe. Mwanafunzi anaweza kukosea bila ya kuleta maafa. Mwaka 1972 kikawashwa kinu cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja, na mahali hapo pakawa kituo cha kanda cha kuhudumia pia nchi nyingine za Afrika.

Basi kilichoharibika ni nini? Elimu ilikuwapo. Lakini chuo hakiishi peke yake. Huishi pamoja na dola inayokizunguka. Uchumi wa nchi ulipodhoofika, mishahara ikawa haitoshi, vipuri vikawa adimu, na ulinzi ukalegea. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za fueli zilitoweka. Mwaka 1998 polisi wa Italia, waliojifanya wanunuzi, waliikamata moja mikononi mwa wahalifu. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni ya kinu cha Kinshasa. Fimbo ya pili haijaonekana. Mwaka 2004 TRICO II ikazimwa.

Ni kweli kwamba urani ya fimbo kama hiyo, iliyorutubishwa kwa kiasi kisichofikia asilimia 20, haiwezi kwa fimbo moja kutengenezwa bomu la nyuklia. Lakini ikisagwa na kutawanywa kwa baruti katika soko au kituo cha reli, yaweza kuleta hofu kubwa na gharama kubwa ya usafishaji. Mhalifu hahitaji shahada ya fizikia. Anahitaji mlango usiofungwa na mlinzi asiyelipwa.

Hapo ndipo penye funzo. Watu wanapozungumza juu ya wataalamu wa nyuklia, hufikiria wahandisi na maprofesa. Hao ni sehemu tu. Kituo cha nyuklia huhitaji pia mafundi wa kuchomelea vyuma, wapima mionzi, wazima moto, maofisa wa forodha, na askari wanaojua wanacholinda. Askari wa mpakani ambaye hajapata kuona kipima mionzi ataupitisha mzigo wa hatari akidhani ni chuma chakavu. Polisi asiyefundishwa ataukusanya ushahidi huo kwa mikono mitupu, na kudhurika mwenyewe.

Sheria za kimataifa zimekwisha kuwekwa. Mkataba wa ulinzi wa vitu vya nyuklia wa mwaka 1980 ulipanuliwa mwaka 2005 ili uhusu pia vituo vyenyewe. Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, umeitangaza Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na unazitaka nchi wanachama zilinde vitu hivyo vilivyo. Lakini karatasi hailindi ghala. Anayelilinda ni mtu aliyefundishwa, anayelipwa kwa wakati, na mwenye daftari linaloonyesha kila fimbo iko wapi.

Nchi jirani zinazopeleka vijana wao ng'ambo zinafanya jambo jema. Zitakuwa zimelikamilisha siku ambapo, katika orodha ya wanaopelekwa kusoma, yatakuwamo pia majina ya askari. Kinu huchukua miaka mingi kujengwa na hutumika kwa miongo kadhaa. Mlinzi wake hana budi kutayarishwa kabla ya jiwe la msingi, si baada ya mali kuibwa.