Adhuhuri Ilitukuta Cordoba

Wanafunzi watatu tulitoka Madrid kwa treni kwenda Cordoba, tukiwa na hamu ya kuuona ule msikiti ulioanza kujengwa na Amir Abdul-Rahman wa Kwanza mwaka wa 785. Nguzo zake zapita 800, na matao yake mekundu kwa meupe yamefuatana hata jicho hukosa pa kutua. Katikati yake limesimamishwa kanisa kubwa. Tangu mwaka wa 1236 mahali hapo ni pa Wakristo, na kuswali Kiislamu hakuruhusiwi.

Tulipofika penye mihrabu, iliyopambwa kwa dhahabu na aya za Kurani, wakati wa Adhuhuri ulikuwa umekwisha kuingia. Mwenzetu mmoja akaanza kuvua viatu. Tukamshika mkono, naye akavaa tena bila kusema neno. Adhuhuri yetu tuliichanganya na Alasiri chumbani, sala ya safari.

Siku ya tatu tulikuwa Granada, mji ulioanguka mwaka wa 1492. Katika mtaa wa Albaicín, ukielekeana na kasri ya Alhambra, upo msikiti mpya uliofunguliwa mwaka wa 2003. Mwadhini alipanda mnarani akaadhini kwa kinywa chake, bila kipaza sauti. Yule mwenzetu alikuwa keshakaa safu ya mbele.