Golikipa, miguu yako ina nguvu sawa?

Wewe unayekaa golini jioni kwenye kiwanja chetu chenye mteremko, leo tunazungumza juu ya miguu yako.

Wengi wanafikiri kazi ya golikipa ni mikono. Sisi Wakongomani tunamkumbuka Robert Kidiaba wa TP Mazembe, aliyefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 na kushangilia kwa kurukaruka juu ya makalio. (Watoto wa hapa bado wanamwiga, nguo zinachanika.) Lakini kinachokurusha mpaka pembeni mwa goli ni miguu. Ukiruka kwenda kulia, mguu wa kushoto unaanza kusukuma mwili, halafu wa kulia unamalizia. Mmoja ukiwa dhaifu, utachelewa. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu karibu wote tunapiga mpira kwa mguu uleule kila siku.

Hatari kubwa iko baada ya kuumia. Mimi nilitegua kifundo cha mguu wa kushoto, nikarudi golini baada ya wiki moja kwa kuwa maumivu yalikuwa yamekwisha. Kumbe nguvu hazikuwa zimerudi. Nilipoumia mara ya pili nilikaa miezi miwili, na dada yangu ndiye aliyenichotea maji.

Kama huna maumivu, jipime hivi. Simama kwa mguu mmoja kwenye mstari, ruka mbele, utue kwa mguu uleule bila kuyumba. Pima kwa kamba. Ruka mara tatu kwa kila mguu, uchukue umbali mrefu zaidi. Mguu mmoja ukifika sentimeta 150, mwingine usipungue 135, yaani asilimia 90. Ukipungua, mechi isubiri.

Mazoezi yake hayahitaji vyuma. Shika ukuta, chuchumaa kwa mguu mmoja mara 8, ukianza na ule dhaifu. Kwa misuli ya nyuma ya paja, piga magoti, mwenzako akushike vifundo, ushuke mbele polepole na kujikinga kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinatosha mwanzoni, siku mbili kwa wiki. Kesho yake mapaja yatauma kidogo, usiogope.

Lakini goti likivimba, likikuachia ghafla unapotembea, au ukishindwa kukanyaga hatua 4, usikubali kukandwa wala kuvutwa mguu. Njoo kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mechi haijaisha.