Lindo la Wauguzi Nalo ni Zito

Askari alindaye ghala usiku huijua saa ya zamu yake, huijua amri aliyopewa, na hujua kuwa mwenzake atakuja kumpokea. Leo tumtazame mlinzi mwingine, asiye na bunduki wala kofia ya chuma: muuguzi wa hospitali.

Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Marekani, Pamela Gray-Toft na James Anderson, walitunga kipimo cha dhiki ya wauguzi kazini. Walitaja asili saba za dhiki hiyo: mateso na vifo vya wagonjwa, ugomvi na madaktari, kutofundishwa namna ya kuwafariji wagonjwa na jamaa zao, kukosa wa kumweleza yaliyo moyoni, ugomvi wa wauguzi wao kwa wao, wingi wa kazi, na mashaka juu ya matibabu yanayotolewa.

Mambo hayo si ya ng'ambo tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulitambuliwa Gulu, kaskazini ya Uganda. Watu 425 waliugua, na 224 kati yao wakafa. Katika hospitali ya Lacor wauguzi waliwaona wenzao wakifa, kisha wakarudi wodini. Mwezi wa Novemba, vifo hivyo vilipozidi, walikusanyika wakitaka kuacha kazi. Mganga mkuu wao, Daktari Matthew Lukwiya, alizungumza nao kwa muda mrefu. Aliwaambia kuwa atakaye kuondoka na aondoke, bali yeye atabaki. Hospitali haikufungwa. Tarehe 5 Desemba mwaka ule ule, ugonjwa huo huo ulimwua yeye mwenyewe.

Sisi twapata fundisho hapa. Wauguzi wale hawakuwa waoga; mzigo ulikuwa umezidi mabega. Walitiwa nguvu na kiongozi aliyesimama hatarini pamoja nao. Lakini ushujaa wa mtu mmoja haujazi nafasi ya watu, glavu na usingizi vinavyokosekana.

Basi, ndugu askari, umpelekapo usiku mwenzako aliyejeruhiwa, ukajibiwa kwa mkato, usipige meza wala usitangulize cheo. Huenda muuguzi yule yu peke yake katika wodi nzima, na ametoka sasa hivi kumfunika maiti. Mpe salamu, mweleze shida yako kwa utaratibu, umsaidie kubeba machela. Mlinzi humjua mlinzi mwenziwe.