Refa ni dogo wa sekondari, kelele ni za watu wazima

CHUKULIA mechi ya jioni pale Makorora, jijini Tanga. Timu mbili za vijana chini ya miaka 15, chokaa imetosha upande mmoja tu wa uwanja, nyavu hakuna. Kipa wa timu inayoongoza kwa bao moja amedaka krosi, akaulalia mpira, akainuka taratibu na sasa anatafuta wa kumrushia huku jua likizama. Refa ni kijana wa kidato cha pili, fulana nyeusi ya kuazima inampwaya mabegani. Ananyoosha mkono juu na kukunja vidole kimoja kimoja. Vitano, vinne, vitatu. Kisha anapuliza filimbi na kuonyesha kona.

Uwanja mzima unaangua kicheko. Kocha wa kipa anavuka mstari mpaka ndani kuuliza kona hiyo imetokea wapi. Kwenye kivuli cha mwembe mzee mmoja anapaza sauti: “Refa, umelala? Tangu lini kipa akadaka ikawa kona?”

Tangu Julai 1, 2025. Ndiyo siku ilipoanza kutumika sheria mpya ya IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani: kipa akiushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na refa anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole ili kila mtu aone. Dogo yuko sahihi kabisa. Waliokosea ni watu wazima wote waliozunguka uwanja, na ndio wenye sauti.

Hiyo ndiyo hali ya refa mdogo kwenye soka la mchangani, kuanzia Tanga mjini mpaka Muheza, Pangani na Mkinga. Mchezaji wa miaka 14 akikosa bao la wazi anaambiwa “usijali, utapata jingine”. Refa wa miaka 14 akikosea kurusha tu, ameuza mechi. Umri ni uleule, shule pengine ni ileile, ila mmoja anahesabiwa kuwa mtoto anayejifunza na mwenzake anahesabiwa kuwa hakimu aliyekula rushwa. Rushwa yenyewe ingekuwa nini? Malipo yake halali mara nyingi ni soda moja ya baridi na ahadi.

ANAVYOANZA

Wengi hawakuota urefa. Ni yule dogo ambaye hakupangwa kikosini, au aliyeumia goti, au anayejulikana kuwa hapendi ugomvi. Mwalimu wa michezo anamkabidhi filimbi siku ya mechi ya darasa kwa darasa, anaona haogopi, kesho anampa tena. Mechi za mchujo za UMITASHUMTA na UMISSETA zikikaribia, shule inahitaji mtu wa kuchezesha mazoezi, jina lake linatajwa. Mtaani nako wanamsikia. Jumamosi anaitwa kwenye chandimu ya watoto, na baada ya hapo kwenye bonanza la kugombea jezi au mbuzi, ambako mambo hubadilika kwa sababu pembeni kuna watu wamewekeana fedha.

Anachokijua wakati huo ni kidogo. Anaukimbilia mpira kama bado ni mchezaji, mara anajikuta katikati ya pasi. Hajafundishwa kukimbia kwa mshazari ili mchezo ubaki kati yake na mshika kibendera. Na huyo mshika kibendera mwenyewe mara nyingi hayupo. Filimbi yake ni moja kwa kila kitu, nyembamba, ya woga. Refa mzoefu anaifanya filimbi izungumze: fupi kwa faulo ndogo, kali kwa rafu, ndefu kwa penalti ili hata aliye mbali ajue limetokea jambo. Dogo anapuliza kidogo, halafu anaangalia kama watu wamekubali. Mashabiki wa Tanga si wageni wa mpira, wanauona huo wasiwasi kwa haraka, na wapo wanaouchezea.

Tatizo jingine ni kwamba wazee wa pembeni wanajua mpira, lakini wanajua ule wa zamani. Sheria ni 17 zilezile kwa idadi, vilivyomo ndani vimebadilika sana ndani ya miaka kumi. Tangu 2016 mpira wa kuanzia unaweza kupigwa kwenda upande wowote, hata nyuma. Tangu 2019 goli kiki si lazima itoke nje ya boksi ndipo mwenzako aiguse. Kuhusu mkono, tangu 2021 mpira ukimgusa mchezaji mkononi kwa bahati mbaya, kisha mwenzake akafunga, bao ni halali. Dogo aliyesoma kitabu cha sheria mwaka huu anaweza kuwa ndiye mtu pekee uwanjani anayezijua zote. Lakini atapigaje hoja mbele ya mtu wa miaka hamsini anayemwita “wewe mtoto”?

JIWE LA MKWAKWANI

Tanga ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa makini. Aprili 24, 2016, Coastal Union waliikaribisha Yanga kwenye Uwanja wa Mkwakwani, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Dakika 90 ziliisha kwa sare ya bao 1-1. Kwenye muda wa nyongeza Yanga wakapata la pili, bao lililolalamikiwa sana na Wagosi wa Kaya, na hali ikachafuka. Mwamuzi msaidizi akapigwa jiwe kutoka kwa mashabiki, mechi ikavunjika, Yanga wakapewa ushindi na kwenda fainali.

Yanga wenyewe hawakuwa na la kupoteza kwenye kumbukumbu hiyo. Tanga ndiyo iliyopoteza. Msimu huohuo wa 2015/16 timu zote tatu za mkoa huo zilizokuwa Ligi Kuu, yaani Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa pamoja. Mji ulioutoa bingwa wa nchi mwaka 1988 ukabaki bila timu ya Ligi Kuu mpaka Coastal waliporejea msimu wa 2018/19. Jiwe halikuwashusha, pointi ndizo zilizowashusha. Ila aliyerusha jiwe lile Mkwakwani hakujifunza kurusha siku ile. Alianza na tusi kwenye kiwanja cha mtaani, akaona refa hana wa kumtetea.

Na haikuwa Tanga peke yake. Oktoba mosi mwaka huohuo, baada ya Amissi Tambwe kuifungia Yanga bao ambalo Simba walidai ameshika, mashabiki waling’oa viti Uwanja wa Taifa. Watu wale wale Jumatatu yake wanalalamika vijiweni kwamba nchi haina marefa. Watatoka wapi, kama dogo wa kidato cha pili anaacha filimbi baada ya mechi yake ya tatu?

ALIYEAMBIWA NI MDOGO

Salima Mukansanga wa Rwanda alitaka kucheza mpira wa kikapu. Haikuwezekana, akahamia kwenye filimbi, akichezesha alipokuwa bado sekondari. Alipoomba kuingia kozi ya waamuzi aliambiwa umri bado. Hakuondoka. Alijisomea sheria mwenyewe mpaka wakamchukua. Januari 18, 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa refa wa kati, Zimbabwe na Guinea, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa marefa wanawake watatu wa kati waliokwenda Kombe la Dunia Qatar.

Hapa nyumbani kuna Jonesia Rukyaa wa Kagera. Februari 20, 2016, miezi miwili kabla ya jiwe la Mkwakwani, ndiye aliyepuliza filimbi ya Simba na Yanga kwenye Ligi Kuu. Mechi ikaisha, Yanga wakashinda 2-0, watu wakarudi makwao wakibishana juu ya mpira. Msichana wa Pongwe au Chumbageni anayeona aibu kuvaa bukta na kusimama mbele ya wavulana ana mtu wa kumtazama. Anachohitaji zaidi ni mahali pa kubadilishia nguo, mtu wa kumsindikiza nyumbani kabla giza halijaingia, na wazazi wenye hakika kwamba matusi ya nguoni hayatakuwa sehemu ya mchezo.

Hesabu nyingine ya kuzingatia ni hii: FIFA haimpi beji refa wa kati kabla hajafika miaka 25, na msaidizi ni 23. Kijana anayeanza na miaka 14 ana miaka 11 ya kufundwa kabla dunia haijamhitaji. Hakuna haraka ya kumfanya awe bora leo jioni. Uingereza nako kijana anaweza kuanza urefa akiwa na miaka 14, na mambo yao si mazuri hivyo kama TV inavyoonyesha. Mwaka 2023 chama cha soka cha huko kilianza kuwafunga marefa wa ligi za ridhaa kamera ndogo kifuani kwa sababu ya matusi na vipigo. Tanga haihitaji kamera. Inahitaji mzee mmoja wa mtaa kusema “basi”.

ADAIWE NINI?

Si kwamba dogo asidaiwe kitu. Kumwonea huruma kwa kila jambo nako ni kumdharau. Adaiwe kufika mapema, kabla ya timu. Akague magoli kama yamesimama imara, maana goli la miti lililolegea ni hatari kuliko rafu yoyote. Awe na saa, filimbi mbili, kadi na kalamu. Awe karibu na tukio anapoamua, kwa sababu uamuzi wa mita kumi unakubalika hata ukiwa na makosa, wa mita arobaini haukubaliki hata ukiwa sahihi. Akipuliza, aonyeshe mkono bila kusita. Akiona mtoto kaumia kichwa, asimamishe mchezo bila kuuliza nani ana mpira. Asiwe na upande, hata kama kipa ni kaka yake.

Asidaiwe kuotea. Refa mmoja bila vibendera hawezi kuona mstari na mguu wa mpiga pasi kwa wakati mmoja, hata awe na macho ya kunguru. Sheria zenyewe zinaruhusu vyama vya soka kurekebisha mambo kadhaa kwenye soka la watoto: ukubwa wa uwanja, muda wa mchezo, mpira wenyewe, ukubwa wa magoli. Waandaaji wa mabonanza wakikaa na chama cha soka cha wilaya kabla ya filimbi ya kwanza, wanaweza kumpunguzia dogo nusu ya ugomvi.

Kuna dawa nyingine rahisi ambayo haigharimu hata shilingi. Tangu Julai 2024 IFAB imeruhusu mashindano kutumia utaratibu wa nahodha pekee kumfuata refa kuhoji uamuzi mkubwa, wengine wakae mbali. Mechi za vijana ndiko unakofaa zaidi. Nahodha wa miaka 14 anaongea na refa wa miaka 14, wanaelewana, pengine wanakaa dawati moja. Kocha abaki kwenye mstari wake. Akiwa na hoja, ipo dakika ya mapumziko, na aipeleke kwa refa mkubwa anayemsimamia dogo, si kwa dogo.

Huyo refa mkubwa ndiye kiungo kinachokosekana. Kila wilaya ina marefa wa daraja la tatu na la pili, na wastaafu waliochezesha Mkwakwani enzi zile. Mmoja akikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kelele zinashuka zenyewe, maana mgosi gani atamtukana mjukuu babu akiwa anatazama? Wakati wa mapumziko asimwambie dogo makosa kumi na mawili. Amwambie moja, na jambo moja alilolifanya vizuri. Yote mengine yasubiri kesho, akiwa ameshaoga na kula.

Halafu alipwe. Kama jezi zimenunuliwa na mbuzi amefungwa pale kwenye nguzo, nauli ya bodaboda ya refa haikosekani. Apewe mkononi kabla ya mechi, mbele ya manahodha wote wawili, ili asije kuambiwa kwamba alikuwa anamsubiri mshindi.

Tena kuna suala la Magharibi. Mechi za pwani zinashindana na adhana, na mara nyingi timu iliyo nyuma ndiyo inayotaka dakika za ziada huku giza likiingia. Hapo ndipo refa mdogo anapotishwa zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Muda ukubaliwe mapema: dakika 30 kila kipindi, atakayechelewa kufika ameula mwenyewe. Dogo akipuliza ya mwisho, mtu mzima wa kwanza kuingia uwanjani awe ni wa kumpa mkono.

Pale Makorora kona imepigwa, imepita juu ya mwamba na kupotelea kwenye uchochoro, watoto wanakimbizana kuufuata mpira. Adhana imeanza. Refa anapuliza mara tatu, safari hii kwa nguvu, na kuinua mikono yote miwili. Kocha aliyeingia uwanjani anamwita pembeni. Kwa sauti ya chini anaomba aelezwe tena, hizo sekunde nane zinaanza kuhesabiwa wapi.